Mboji, mbolea ya dukani, au zote mbili: lipi lifae shamba la kichanga

Udongo wa kichanga haudanganyi. Ukiumwagia maji unayanywa papo hapo, ukiufinyanga donge linavunjika mkononi, na mbolea uliyoweka Jumatatu inaweza kuwa imeshazama chini ya mizizi Ijumaa, mvua ikinyesha sawasawa. Udongo huu umetapakaa ukanda wa pwani kuanzia Kilifi na Kwale hadi Mkuranga na Mtwara. Uko kwenye vilima vya Usukumani wanakouita luseni, na maeneo mengi ya Dodoma na Singida. Wanaoulima hupata ushauri wa aina mbili unaogombana: mmoja unasema achana na mbolea ya chumvichumvi, tumia mboji tu, mwingine unasema mboji ni kupoteza nguvu, nunua mifuko.

Hapa tunaziweka njia tatu ubavu kwa ubavu kwa zao moja, mahindi, kwenye ekari moja: mboji peke yake, mbolea ya dukani peke yake, na zote mbili pamoja. Baadaye tutagusa muhogo na mboga, kwa sababu hesabu zake ni nyingine. Msimamo wetu tuuseme mapema: kwa shamba la nafaka, zote mbili pamoja ndiyo njia bora, lakini si kwa sababu inayotajwa mara nyingi. Mboji kwenye kichanga haichukui nafasi ya mfuko. Kazi yake kubwa ni kuwa chombo cha kuushikilia mfuko, na chombo hicho hufanya kazi pale tu kinapowekwa ndani ya shimo la mmea.

Kwanza hakikisha ni kichanga kweli

Chukua konzi ya udongo, ulowanishe, uufinyange kama unga wa ugali. Kisha ubonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada utoe utepe. Ukikatika kabla ya kufika sentimita 2, na ukasikia chembe zinakwaruza, uko kwenye kichanga. Tifutifu hutoa utepe mrefu kidogo, na mfinyanzi hutoa utepe mrefu unaong'aa.

Kipimo cha pili ni cha watu wa karibu na bahari. Dondoshea udongo siki au maji ya ndimu. Ukiona mapovu, mchanga wako una chokaa ya matumbawe. Hapo mambo kadhaa yanabadilika: majivu hayahitajiki, mbolea ya mawe ya fosfati kama ya Minjingu haiyeyuki vya kutosha, na urea ikiachwa juu ya ardhi inapotea hewani haraka kuliko kawaida. Shamba la namna hiyo linafaidika zaidi na SA (salfeti ya amonia), kwa kuwa inachachusha udongo kidogo na ina salfa ndani yake.

Ukiweza kupima maabara, pima. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Muheza, chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro, na vituo vya utafiti vya KALRO Kenya hupima udongo. Chota sehemu 15 hadi 20 za shamba, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi, kisha peleka nusu kilo tu. Usichote karibu na zizi wala pale palipochomwa takataka, maana sehemu hizo mbili zinatosha kuharibu majibu yote.

Kwa nini kichanga hakishiki kitu

Virutubisho vingi huelea kwenye maji ya udongo vikiwa na chaji ya umeme. Potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na amoniamu (amonia iliyoyeyuka majini) vina chaji chanya, hivyo hunatwa na chembe za mfinyanzi na mboji, ambazo zina chaji hasi. Mchanga karibu hauna nata hiyo. Uwezo wa kunata wa kichanga mara nyingi uko kati ya 1 na 5 kwa kipimo cha maabara (sentimoli kwa kilo), wakati mboji iliyoiva vizuri huvuka 60. Ndiyo maana mboji kidogo kwenye kichanga huleta badiliko ambalo kwenye mfinyanzi usingeliona.

Ila kuna jambo ambalo wauza mboji hawalitaji. Naitrojeni haikai kuwa amoniamu muda mrefu. Ndani ya wiki moja hadi tatu, kwenye joto letu, vijidudu huigeuza kuwa naitreti, na naitreti ina chaji hasi sawa na mboji, kwa hiyo hainaswi. Inasafiri na maji yanakokwenda. Kichanga hushika takribani milimita 10 za maji kwa kila sentimita 10 za kina, kwa hiyo mvua moja ya milimita 50 kwenye udongo mkavu hushuka hadi nusu mita hivi, na ikikuta udongo tayari umelowa inashuka zaidi. Mahindi ya wiki tatu yana mizizi mingi ndani ya sentimita 30 tu. Mboji inachelewesha mchezo huo kwa kushika maji na amoniamu, lakini haiuzuii. Kwa maneno mengine, hata ukiweka mboji bado utalazimika kugawa mbolea ya kukuzia mara mbili au zaidi. Anayekuambia kwamba ukishaweka mboji unaweza kumwaga urea yote kwa mkupuo mmoja hajalima kichanga.

Njia tatu kwa mizani

Hesabu hizi ni za ekari moja, nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, yaani mashimo kama 9,000. Mfuko ni wa kilo 50; DAP ni mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosfati, na urea ni ya kukuzia. Mboji tunayoizungumzia ni ya kawaida ya shambani: unyevu asilimia 40, na naitrojeni kama asilimia 1.2 ya uzito mkavu. Tani moja ya namna hiyo ina kilo 7 za naitrojeni, ila inayopatikana kwa mmea msimu wa kwanza ni kama sehemu moja kati ya tano, kilo 1.4 hivi.

| | Mboji peke yake | Dukani peke yake | Zote pamoja |
|---|---|---|---|
| Kiasi kwa ekari | Zaidi ya tani 20 ili ifikie naitrojeni ya mifuko | DAP mfuko 1, urea mfuko 1 | Mboji tani 2.25, DAP mfuko 1, urea mfuko 1 |
| Naitrojeni msimu huu | Kilo 30 hivi, inatoka polepole | Kilo 32, inatoka haraka | Kilo 35 hivi |
| Potashi na virutubisho vidogo | Vipo | Hakuna | Vipo kiasi |
| Mzigo wa kubeba | Madebe zaidi ya 1,800 | Kilo 100 | Madebe kama 205 na kilo 100 |
| Hatari kubwa | Kukosa malighafi, mahindi kuwa ya njano wiki ya 3 | Kuoshwa na mvua, kuunguza mbegu, udongo kuchacha | Mboji mbichi, kukosea mpangilio shimoni |
| Shamba likikosa mvua wiki mbili | Linavumilia | Linanyauka mapema | Linavumilia kiasi |

Itazame safu ya kwanza ya madebe. Tani 20 za mboji zinahitaji malighafi mbichi tani 40 na zaidi, kwa sababu rundo hupoteza nusu ya uzito wake au kupita hapo likioza. Kwa ekari moja! Mwenye ng'ombe wawili na mabua ya ekari mbili hawezi kufika huko. Hapo ndipo ushauri wa «mboji tu» unapokwama. Hauna kosa kisayansi, ila hauna malighafi. Kwenye bustani ya robo ekari au chini ya hapo hesabu inageuka, na mboji peke yake inawezekana kabisa.

Safu ya pili inavutia kwa wepesi wake. Mifuko miwili, baiskeli moja, kazi imekwisha. Na msimu wa kwanza au wa pili unaweza kuvuna vizuri. Tatizo linakuja taratibu. Urea, DAP, na zaidi SA, huchachusha udongo, na kichanga hakina kinga ya kuzuia pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, udongo umechacha) isishuke. Wakati huohuo mahindi yanachukua potashi, salfa, zinki na boroni ambazo mifuko hiyo miwili haina. Mkulima anaona mavuno yanashuka, anaongeza urea, yanashuka tena. Wengi husema mbolea imeharibu shamba. Ukweli ni kwamba shamba limeishiwa na vitu vingine, na lile lililokuwa linaongezwa halikuwa na pa kushikwa.

Hesabu inayoamua: kutandaza au kuweka shimoni

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza mboji nzuri. Udongo wa juu wa ekari moja, kina cha sentimita 20, una uzito wa tani 1,200 hivi. Ukitandaza tani 2.25 za mboji shamba zima, kila tani ya udongo inapata chini ya kilo 2. Huo ni unyunyiziaji wa chumvi kwenye bahari, na jua la pwani litaumaliza kabla ya palizi ya pili.

Sasa chukua mboji hiyohiyo uigawe kwenye mashimo 9,000. Kila shimo linapata gramu 250, sawa na konzi mbili za mtu mzima zilizojaa. Shimo la sentimita 15 kwa 15 kwa 15 lina udongo wa kilo 5 hivi, kwa hiyo mboji imefika asilimia 5, yaani kilo 50 kwa tani. Umeipa mizizi michanga udongo tofauti kabisa na ule unaoizunguka, bila kuongeza hata debe moja. Mara ishirini na tano zaidi, kwa mboji ileile.

Kwenye kichanga kirefu usihangaike kuchimba mashimo mapana ya zai kama yale ya Kitui au Makueni. Yale yanakusanya maji kwenye ardhi ngumu inayotiririsha. Kichanga hakitiririshi, na kuta za shimo pana zinabomoka mvua ya kwanza. Kama una ng'ombe wa kulimia, pasua mfereji wa kina cha sentimita 15 ukimimina mboji ndani yake, kilo moja kwa kila hatua ya mita 2.4. Mzigo ni uleule, ila kazi inakuwa nyepesi.

Kupanga vitu ndani ya shimo

Subiri mvua ilowanishe udongo sentimita 20 hadi 30. Kupanda kwenye vumbi ukiwa na mbolea ya dukani shimoni ni kamari mbaya kwenye kichanga.

Chimba sentimita 15. Weka mboji konzi mbili, ichanganye kidogo na udongo wa chini kwa ncha ya jembe. Kisha weka DAP kifuniko kimoja cha soda kilichosawazishwa, ambacho ni kama gramu 5; ili usibahatishe, jaza vifuniko 100 kwenye mfuko wa nailoni upime dukani, ugawe kwa 100. Gramu 5 kwa mashimo 9,000 ni kilo 45, mfuko karibu wote. Mbolea iwe upande mmoja wa shimo. Funika kwa udongo sentimita 4 au 5, weka mbegu, fukia tena sentimita 4.

Ule udongo wa katikati haurukwi. DAP ikiyeyuka hutoa amonia, na kwenye kichanga hakuna kitu cha kuipunguza makali. Mbegu iliyogusana nayo huota na mzizi wenye ncha ya kahawia, au haioti kabisa. Ukiona mashimo yamepishana, moja limeota moja halijaota, usilaumu mbegu kwanza. Fukua uangalie umbali.

Urea ya kukuzia igawe mara mbili: nusu wiki ya 3 baada ya kuota, nusu wiki ya 6 au 7, kabla mbelewele hazijachomoza. Kila mara ni kama gramu 2.5 kwa shimo, nusu kifuniko. Toboa sentimita 7 kutoka kwenye shina, kina cha sentimita 5, weka, fukia. Urea iliyoachwa juu hugeuka amonia ndani ya siku mbili hadi nne na kupaa. Iweke wakati udongo una unyevu, siku ambayo hutarajii mvua ya gharika. Manyunyu ya milimita 10 baada ya kuweka ni baraka. Milimita 60 kwa usiku mmoja ni hasara, na baada ya hapo rudishia nusu ya dozi uliyoweka.

Je, CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, badala ya urea? Mfuko wa CAN una kilo 13 za naitrojeni, wa urea una 23, kwa hiyo utahitaji CAN karibu mifuko miwili kupata kiasi kilekile. CAN haichachushi udongo sana na haipai hewani kirahisi, lakini nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti, inayooshwa siku hiyohiyo mvua ikizidi. Kwenye kichanga chenye mvua za mafungumafungu, tungechagua urea iliyofukiwa. Kwenye kichanga kilichokwisha kuchacha, pH chini ya 5.5, CAN inastahili bei yake. Na kama majani machanga ya juu yanakuwa ya njano huku ya chini yakiwa kijani, hiyo ni salfa inayolia: tumia SA kwenye dozi ya kwanza.

Ubora wa mboji, ambao hakuna anayeukagua

Mfuko wa dukani umeandikwa kilichomo. Rundo lako halijaandikwa. Na mboji mbovu ukiichanganya na mbolea nzuri inaweza kukupa mavuno mabaya kuliko mbolea peke yake, jambo linalowashangaza wengi.

Sababu ni kaboni. Vijidudu vinavyoozesha mabua vinahitaji naitrojeni ili viishi. Mboji ikiwa haijaiva, yenye kaboni zaidi ya mara 30 ya naitrojeni, vijidudu hivyo vinakula urea yako kabla mahindi hayajaiona. Ishara yake ni mahindi kuwa ya njano wiki ya 2 au 3, manjano yakianzia majani ya chini, kwenye ncha, na kushuka katikati ya jani kama herufi V. Dawa ni kuwahi nusu ya kwanza ya urea, usisubiri wiki ya 3. Vumbi la mbao na maranda ndivyo vibaya zaidi. Kaboni yake hupita mara 200 ya naitrojeni. Mabua ya mahindi ni kati ya 50 na 70, samadi ya ng'ombe 15 hadi 25. Samadi ya kuku ni 10 au chini, kwa hiyo tabia yake inakaribia ya mfuko: inafanya kazi haraka, inaunguza ikizidi, na mvua inaiosha vilevile. Usiiweke konzi mbili shimoni kama mboji. Nusu konzi inatosha.

Marundo mawili ya upana wa mita 1.5, kimo mita 1.2 na urefu mita 3 yatakupa mboji ya kutosha ekari moja kwa njia ya shimo. Anza na vijiti vya kupitisha hewa chini, kisha tabaka la makavu la sentimita 15 hadi 20, mabichi sentimita 10, samadi sentimita 5, maji, na kurudia. Majani ya alizeti pori au gilirisidia yanafaa sana kwenye tabaka la mabichi. Yana naitrojeni karibu ya samadi ya kuku, na alizeti pori ina potashi nyingi. Chomeka kijiti kirefu katikati. Siku ya tano ukikitoa kiwe cha moto kiasi cha kukufanya ukiachie. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na chenye harufu ya yai bovu, maji yamezidi, pindua. Pindua kila baada ya wiki mbili au tatu, mara tatu. Miezi mitatu hadi minne imeiva: rangi nyeusi, harufu ya udongo wa msituni, na huwezi kutambua lililokuwa bua na lililokuwa jani.

Funika rundo kwa makuti au nyasi muda wote. Rundo lililoachwa kwenye mvua za masika linatoa maji ya rangi ya chai upande wa chini. Hayo ndiyo potashi na naitrojeni yako yanayokwenda kwa jirani.

Samadi ya zizini inayonunuliwa kwa tripu ikague kwa glasi ya maji. Tia konzi, koroga, acha dakika tano. Ukiona tabaka nene la mchanga chini, umenunua mchanga kupeleka kwenye mchanga. Ni jambo la kawaida kwenye mazizi ya nchi kavu, kwa kuwa ng'ombe wanaukanyaga udongo ndani ya samadi na mchotaji haoni pa kuishia.

Jambo jingine: usichanganye majivu wala chokaa na urea, DAP au SA, iwe kwenye ndoo au kwenye shimo. Ukisikia harufu kali ya kuchoma pua, ni pesa yako inapaa. Majivu yaweke kwenye rundo siku za kulijenga, kiasi cha kunyunyiza tu.

Na kwa wenye minazi karibu: rundo linalokaa zaidi ya miezi sita bila kupinduliwa linakuwa kitalu cha mbawakawa wenye pembe wanaotoboa makuti machanga. Unapopindua, okota funza weupe wanene waliojikunja, wape kuku.

Pale ambapo chaguo linabadilika

Muhogo ndilo zao la kichanga cha pwani, na ndilo linalopewa mbolea kidogo kuliko yote. Muhogo hula potashi kwa wingi, na kwa kuwa unang'olewa mzima, potashi inaondoka shambani pamoja nao. Urea nyingi kwenye muhogo inakuza majani na kuacha mizizi myembamba. Hapa mboji konzi tatu kwa shina pamoja na MOP (mbolea ya potashi) inafaa kuliko DAP na urea. Majani ya chini yakiungua kingo zake, ndiyo alama kwamba potashi imepungua.

Kunde, choroko na mbaazi hazihitaji naitrojeni ya dukani. Mboji konzi moja na TSP (mbolea ya fosfati) kidogo, basi.

Kwa mboga za majani kwenye tuta la mita 1 kwa 10, mboji madebe manne ikichanganywa na sentimita 10 za juu ndiyo msingi. Juu yake, urea gramu 50 kwenye maji lita 20 kwa tuta moja, kila baada ya siku kumi na mbili hivi, kisha mwagia maji safi kuosha majani. Kwenye bustani inayomwagiliwa hatari kubwa ni maji yako mwenyewe: kumwagilia sana asubuhi moja kunaosha mbolea sawa na mvua. Mwagilia kidogo mara mbili kwa siku badala ya mara moja kwa wingi. Mboji pia hupunguza makali ya minyoo fundo, ambayo hustawi kwenye kichanga na kufanya mizizi ya nyanya iwe na vinundu. Haiwamalizi, kwa hiyo usiache kubadilisha mazao.

Mashamba yenye kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, yana sababu ya ziada ya kuchagua zote mbili. Kiduha hupenda udongo mchovu wenye upungufu wa naitrojeni. Mboji na naitrojeni pamoja hukipunguzia nguvu, ingawa bado utahitaji kung'oa kabla hakijatoa maua.

Aliyekodi shamba msimu mmoja atauliza kwa nini amwekee mwenye shamba mboji. Kwenye mfinyanzi swali hilo lina uzito. Kwenye kichanga halina: hakuna mfinyanzi wa kuificha mboji, joto ni kali, na sehemu kubwa inaoza ndani ya msimu mmoja au miwili. Faida yake nyingi utaivuna wewe.

Fedha ikitosha mfuko nusu tu, usiutandaze kwenye ekari nzima kwa matumaini. ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao, na washirika wake walieneza Niger utaratibu wa kuweka gramu 6 za NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosfati na potashi) kwenye kila shimo la uwele wakati wa kupanda, kwenye mchanga maskini kuliko wa kwetu. Kanuni yake inafaa hapa: dozi ndogo ikae pale pale mzizi ulipo. Nusu ekari yenye mboji na mbolea shimoni itakulipa kuliko ekari nzima iliyogawiwa nusunusu, na ile nusu nyingine panda kunde.

Kupunguza mifuko: lini na ipi

Wengi huweka mboji leo na kukata mbolea ya dukani nusu msimu uleule. Rudi kwenye hesabu: tani 2.25 za mboji zinatoa kilo 3 hivi za naitrojeni msimu wa kwanza. Huwezi kuondoa kilo 16 kwa kuleta 3. Msimu wa kwanza acha urea ilivyo.

Kinachoweza kupunguzwa mapema ni mbolea ya kupandia. Tani hizohizo zina kama kilo 9 za fosfati, dhidi ya 23 zilizo kwenye mfuko wa DAP, na fosforasi haikimbii na maji kama naitreti. Ukiweka mboji kwenye mistari ileile misimu mitatu, shusha DAP kwa theluthi moja uone. Urea iguse mwisho, kwa robo, na kwenye mistari michache kwanza. Weka mashimo palepale kila mwaka: chomeka vigingi mwanzo na mwisho wa kila mstari, au acha visiki vya mabua vikuonyeshe. Ukihamisha mistari kila msimu unaanza upya na mchanga mtupu.

Kujua kama inalipa kwako, tenga vipande vitatu vya mistari mitano, urefu wa mita 10, kimoja kwa kila njia, mbegu moja, siku moja ya kupanda. Vuna mistari mitatu ya katikati tu, kwa kuwa ya pembeni inaiba mbolea ya jirani. Mistari mitatu ya mita 10 kwa nafasi ya sentimita 75 ni mita za mraba 22.5. Kausha, pukuchua, pima, zidisha kwa 180 upate kilo za ekari. Kisha toa gharama ya mifuko na siku za kazi za kubeba madebe kwa bei za kijijini kwenu, na rudia msimu unaofuata, kwa sababu msimu mmoja wa mvua nzuri hupendelea mbolea ya dukani na msimu mmoja wa ukame hupendelea mboji.